Kichwa cha klasta: oksijeni, sindano, predni au verapamili, uanze na ipi?

Niseme mapema ninachoamini ndo nieleze sababu. Kama wewe au mtu wako wa nyumbani ana kichwa cha klasta na pesa ni ya kuhesabu, shilingi ya kwanza iende kwenye mtungi wa oksijeni, ya pili iende kwenye verapamili, kidonge cha kuzuia mashambulio yasije, pamoja na kipimo cha ECG, kile cha umeme wa moyo, hizo nyingine zote zipange foleni nyuma. Nasema hivi manake naona watu wanafanya kinyume kabisa, pesa inaishia kwenye Panadol, diklofenaki, tramadoli, drip ya malaria wakati kipimo kimeshasema malaria hakuna, wengine wanang'olewa mpaka meno mazima, na siku wakisikia habari ya oksijeni mfuko umeshakauka na msimu wenyewe uko karibu kuisha.

Mimi ni mke wa mgonjwa, si daktari. Tunakaa upande wa Tororo, Uganda, baba watoto ni dereva wa trela, na hii kitu humshika kwa msimu, inamtesa usiku kwa usiku wiki nyingi halafu inapotea miezi hadi unaisahau. Ninayoandika ni yale tuliyopitia pamoja na yale niliyouliza madaktari na kuyasoma, na nayaandika kwa anayeumwa na kwa yule anayekesha naye pia, kwa sababu mara nyingi huyu wa pili ndo anazunguka kutafuta dawa.

Kwanza hakikisha ni klasta

Kulinganisha dawa hakuna faida kama ugonjwa ni mwingine. Klasta inauma upande mmoja tu, ndani au nyuma ya jicho, kwenye paji na pembeni ya kichwa, na maumivu yake hayasemeki. Shambulio moja linachukua dakika 15 mpaka masaa matatu, linaweza kuja mara moja kila baada ya siku mbili au mpaka mara nane kwa siku moja, na likishazoea saa fulani linarudi saa hiyo hiyo. Kwetu ni saa nane usiku. Anaamka ghafla, anatembea kutoka sebuleni mpaka mlangoni na kurudi, anaegemeza paji kwenye fremu ya chuma ya mlango manake ina baridi, jicho la kulia linatoa machozi lenyewe na kope yake imeshuka, pua ya kulia inavuja, upande wa kushoto mkavu kabisa. Ukimwambia lala kidogo anakuona humuelewi.

Hapo ndo inaachana na kipandauso. Mwenye kipandauso anataka giza, alale, mtu asiongee, kinamkaa masaa mengi hata siku mbili tatu, na mara nyingi anatapika. Wa klasta hawezi kutulia hata umlazimishe. Kama maumivu ni ya sekunde tu, yanapiga mithili ya shoti ukigusa shavu au ukitafuna, huo ni mshipa wa fahamu wa uso na dawa yake ni karbamazepini, si hizi za hapa. Halafu kuna ugonjwa ulio karibu sana na klasta ambao mashambulio ni mafupi, dakika mbili mpaka 30, lakini ni mengi zaidi kwa siku, huo unakatika kabisa kwa indometasini, ndo maana daktari makini anaweza kukujaribishia hiyo kwanza.

Homa na shingo ngumu, degedege, kuchanganyikiwa, upande wa mwili kulegea, kichwa kilicholipuka ghafla mara ya kwanza maishani, kichwa kipya baada ya miaka 50, kichwa kipya kwa mtu anayeishi na virusi, hayo yote usikae kulinganisha dawa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na hata kama kila kitu kinaonekana ni klasta ya kawaida, ikiwezekana piga picha ya ubongo mara moja, MRI ndo nzuri zaidi, kwa sababu uvimbe kwenye tezi iliyo chini ya ubongo unaweza kuleta dalili hizi hizi.

Dawa za maumivu za kliniki ya jirani

Hapa sitakaa sana lakini lazima niseme kwa nini watu wanaziamini. Shambulio linaisha lenyewe. Ukichomwa diklofenaki saa tisa usiku na kichwa kikaacha saa kumi kasoro, utaapa kwamba sindano ndo imekiacha, kumbe kingeacha tu, na kesho yake unarudi tena kuchomwa, na keshokutwa, mwisho wa mwezi tumbo linaungua na figo hazijulikani ziko vipi. Tramadoli na pethidini mbaya zaidi manake hazikati klasta na zinakufanya mtumwa wake. Panadol, hata umeze mbili mbili, kabla haijafika kwenye damu vizuri shambulio limeshamaliza kazi yake. Mume wangu alitibiwa malaria kwenye kliniki moja tena na tena bila vidudu kuonekana hata siku moja. Mtu asiye na homa, kichwa kinachokuja saa ile ile na jicho moja linalia, huyo si wa drip.

Oksijeni na sindano ya sumatriptani, hapa ndo penye uamuzi

Hizi mbili ndo za kuzima shambulio likiwa limeshaanza, na zote mbili zimepimwa na kuonekana kweli zinafanya kazi. Kwenye jaribio la Uingereza lililotoka 2009, waliovuta oksijeni safi lita 12 kwa dakika, asilimia 78 ya mashambulio yalitulia ndani ya dakika 15, wakati waliovuta hewa ya kawaida kwenye mtungi bila kujua ilikuwa asilimia 20. Sindano ya sumatriptani ya miligramu 6 chini ya ngozi, jaribio la 1991, asilimia 74 walipata nafuu ndani ya dakika 15 dhidi ya 26 waliochomwa maji. Kwa hiyo ukiangalia nguvu peke yake zinakaribiana. Tofauti iko kwenye mambo mengine na hayo mengine ndo yanayoamua.

Oksijeni haina kikomo cha mara ngapi kwa siku. Ukipata mashambulio sita unaivuta mara sita. Haigombani na dawa ya presha, haigombani na ARV, haigombani na dawa za TB, mjamzito anavuta, mwenye moyo mbovu anavuta. Mtu mwenye ugonjwa wa mapafu wa muda mrefu, hasa mvutaji sigara wa miaka mingi, huyo aongee na daktari kwanza. Sindano kwa upande wake ina kikomo, ni mbili tu kwa masaa 24 na kati yao ipite angalau saa moja, na mtu aliyewahi kupata shida ya mishipa ya moyo au kiharusi, au presha yake haijashuka, haruhusiwi kabisa. Sasa fikiria, wenye klasta wengi ni wanaume na wengi wanavuta sigara, na wanaume wa kwetu presha wanaijua siku wameanguka. Kabla ya sindano ya kwanza pima presha, na kama umri umeenda mwambie daktari auangalie moyo.

Lakini sindano ina jambo moja oksijeni haina, unaibeba mfukoni. Dereva aliyelala kwenye kebini foleni ya mpaka wa Malaba hawezi kufunga mtungi mkubwa kwenye kiti. Na inakata haraka sana, wengine dakika tano sita tu. Shida ni kuipata. Vidonge vya sumatriptani unavikuta kwenye maduka makubwa ya dawa Kampala, sindano mara nyingi ni ya kuagiza na bei yake inauma, kwa hiyo uliza mapema wakati hauumwi, nunua duka lenye leseni ya NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda, angalia tarehe ya mwisho. Vidonge usivihesabu kwenye mbio hizi, vinachelewa. Dawa ya kupuliza puani, sumatriptani miligramu 20 au zolmitriptani miligramu 5, iko katikati, inachelewa kuliko sindano lakini ni afadhali kuliko kidonge.

Turudi kwenye oksijeni manake hapa watu wengi wanasema "tulijaribu haikufanya kazi" na ukiuliza walijaribu vipi unakuta waliwekewa vile vimrija vya puani, lita mbili au tatu kwa dakika. Hiyo ni ya mtu mwenye nimonia, klasta haiisikii. Inatakiwa maski yenye mfuko chini yake, ile isiyokurudishia pumzi yako, lita 12 mpaka 15 kwa dakika, dakika 15 mpaka 20, umekaa umeinama kidogo mbele. Tunavyofanya sisi: nafungua mtungi kwa spana yake taratibu, nazungusha mita mpaka 15, naziba kile kitundu cha ndani ya maski kwa kidole mpaka mfuko uvimbe wote, ndo nampa. Yeye mwenyewe anaikandamiza isivuje pembeni. Mfuko ukinyweya kabisa kila anapovuta ujue lita hazitoshi au maski inavuja. Na aanze dakika ile ile anayohisi jicho linaanza kuvuta, akingoja mpaka iwake kabisa itachukua muda mrefu kuizima.

Hesabu ya mtungi ni rahisi na ifanye kabla ya kununua. Lita 15 mara dakika 20 ni lita 300 kwa shambulio moja. Mtungi mkubwa wa hospitali wa lita 6,800 unakupa kama mashambulio 22. Ule mdogo wa lita 680 unakupa mawili tu, huo ni wa safari. Mashine ya kutengeneza oksijeni ya umeme inaonekana bora kwa sababu haijazwi, lakini nyingi zinatoa lita tano tu, kubwa kidogo lita kumi, na umeme ukikatika saa nane usiku, kama unavyokatika, umebaki na boksi. Mimi ningechagua mtungi.

Wapi? Hospitali nyingi za rufaa za mikoa sasa zina mitambo yake ya kutengeneza oksijeni, kwa upande wetu Mbale, kwingine Mbarara, Arua, Gulu na kadhalika. Si kila hospitali itakubali kukujazia mtungi wa nyumbani, nyingine zitakutaka uende uvutie pale pale, lakini ukienda na barua ya daktari iliyoandika jina la ugonjwa, lita kwa dakika na aina ya maski, mazungumzo yanabadilika kabisa. Kampala kuna viwanda vya gesi vinavyouza na kukodisha mitungi, taja wazi kwamba unataka ya hospitali na si ya kuchomelea vyuma. Uliza bei ya kujaza, si bei ya mtungi peke yake, kwa sababu kwenye msimu mbaya kujaza ndo kunakumaliza.

Na tafadhali sana, moto. Oksijeni yenyewe haiwaki lakini inafanya kila kitu kiwake vibaya. Sigiri, tadoba, mshumaa, sigara, vyote nje ya chumba hicho. Usipake vaselini usoni kabla ya maski na usipake mafuta kwenye regulata ati inakwama. Mtungi usimame umefungwa mnyororo ukutani, ukianguka na kichwa chake kikavunjika unaweza kuua mtu. Watoto wasiuguse.

Kwa hiyo uamuzi wangu hapa, nyumbani oksijeni, njiani sindano kama moyo na presha vinaruhusu. Kama ni moja tu, oksijeni. Lignokaini, dawa ya ganzi, ya matone puani upande unaouma ni rahisi na inapatikana kila mahali, wengine inawapunguzia, lakini ushahidi wake ni mdogo, iweke pembeni kama nyongeza. Ergotamini ya zamani mimi ningeiacha kabisa, na mtu anayetumia ARV zenye ritonaviri asiiguse hata kidogo, inaweza kubana mishipa ya damu mpaka kidole au mguu ukafa. Na ergotamini na sumatriptani hazikutani ndani ya masaa 24.

Predni au sindano ya kisogoni

Hizi si za kuzima shambulio la usiku huu, ni za kukuvusha. Dawa ya kinga, yaani ile ya kuzuia mashambulio kama verapamili, inachukua wiki moja mbili kushika, na hizo wiki mbili ndo mtu anaweza kuchanganyikiwa, kwa hiyo daktari anakupa kitu cha kukuvusha mpaka kinga ifike.

Predni, yaani vidonge vya prednisoloni, inajulikana, ni rahisi, iko mpaka kituo cha afya cha gombolola. Wajerumani waliijaribu vizuri wakatoa matokeo 2021, miligramu 100 kwa siku tano halafu wanashusha 20 kila siku tatu mpaka inaisha, na wiki ya kwanza waliomeza predni walipata wastani wa mashambulio 7.1 na wale wa kidonge tupu 9.5. Inasaidia, lakini si muujiza kama watu wanavyoisifu. Wengi wanaisifu kwa sababu wao wenyewe ilikata kabisa kwa siku zile, halafu ikishushwa kichwa kinarudi, wanakwenda dukani kununua nyingine bila mtu kuwauliza. Hapo ndo naogopa. Predni ya kujinunulia mwezi hadi mwezi inapandisha sukari na presha, inachimba tumbo, inaharibu usingizi na akili, inaweza kuua mfupa wa nyonga, na kwa nchi yetu hii inaamsha TB iliyolala. Kabla ya kumeza sema kama una kikohozi cha muda mrefu, sukari, vidonda vya tumbo, au kama uko kwenye ARV zenye ritonaviri manake zinaipandisha predni kwenye damu kuliko kipimo ulichopewa.

Sindano ya kisogoni ni dawa ya ganzi imechanganywa na dawa ya jamii ya predni, inachomwa nyuma ya kichwa upande ule ule unaouma, kwenye mshipa wa fahamu wa kisogo. Inachukua dakika chache na ikishika inaweza kukukalia wiki kadhaa. Mwili mzima haupati dawa nyingi kama ya kumeza, ndo faida yake kubwa, hasa kwa mwenye sukari. Ubaya ni mkono wa kuichoma, madaktari wa neva ni wachache na wengi wako Kampala, ingawa daktari wa usingizi wa hospitali kubwa anaweza kuwa anaijua, muulize. Pia pale palipochomwa nywele zinaweza kukatika kidogo au ngozi ikapauka, na kwa ngozi zetu inaonekana. Na ile ile hadithi ya ritonaviri inarudi hapa, mwambie daktari kabla hajachagua dawa ya kuchanganya. Nikilinganisha hizi mbili, kwa mtu mwenye afya nyingine nzuri anayeanza kinga leo, predni mara moja kwa mpango wa daktari inatosha. Kwa mwenye sukari, au aliyeshameza predni mwaka huu huu, mimi ningepanda basi kwenda hospitali kuu ya Mulago, Kampala, kutafuta sindano.

Kinga: verapamili, litiamu, topirameti

Verapamili ndo ya kwanza duniani kote na sababu ipo. Jaribio la Italia la mwaka 2000, watu 30, nusu walipewa miligramu 360 kwa siku na nusu kidonge tupu. Kati ya wale 15 wa verapamili, 12 mashambulio yalipungua zaidi ya nusu, kwa wale wa kidonge tupu hakuna hata mmoja. Kawaida wanaanza miligramu 80 mara tatu kwa siku, wanapandisha polepole kila wiki mbili, wengine wanafika 480, wengine mpaka 960 kwa siku. Mfamasia asiyeijua klasta atashtuka akiona dozi hiyo kwa sababu yeye anaijua kama dawa ya presha na moyo, ndo maana karatasi ya daktari iwe na maelezo.

Sasa hapa ndo penye ECG na naomba mtu asiruke. Verapamili inapunguza kasi ya umeme wa moyo, kwa watu wengine inauziba kabisa, na haisemi mapema kwa maumivu yoyote. Kipimo kabla ya kuanza, kipimo tena kama siku kumi baada ya kila kupandisha dozi, na hata dozi ikitulia urudie mara moja moja. ECG si kitu cha Taasisi ya Moyo ya Mulago peke yake, hospitali za rufaa wanazo na kliniki nyingi za mijini pia, ni karatasi moja na dakika kumi. Mtu anayekwambia meza tu uko sawa hakuonei huruma. Mengine ni choo kigumu, hilo karibu kila mtu, miguu kuvimba, fizi kuvimba. Usiichanganye na dawa za moyo za jamii ya propranololi. Rifampisini ya TB inaishusha verapamili mpaka inakuwa bure, ritonaviri inaipandisha mpaka inakuwa hatari. Kwa hiyo ukiwa kwenye mojawapo daktari wa klasta na wa TB au wa ARV lazima wajuane, ukiona hawajuani wewe ndo uwapelekee karatasi.

Litiamu mara nyingi inawekwa kwa klasta sugu, yaani ile isiyopumzika hata miezi mitatu kwa mwaka, au verapamili ikishindwa. Inafanya kazi kwa wengine lakini inataka damu ipimwe, kiwango chake chenyewe na figo na tezi ya shingo, na kipimo cha kiwango hakipatikani kila maabara. Nafasi kati ya dozi inayotibu na dozi inayodhuru ni ndogo sana. Ukiharisha, ukitoka jasho sana shambani bila maji, ukimeza ibuprofeni au vidonge vya kukojoza vya presha, inapanda. Kwa mtu wa kijijini mbali na maabara mimi siipendi. Topirameti iko nyuma yake tena, inatia ganzi kwenye vidole, inafanya mtu atafute maneno, inaleta mawe ya figo, na kwa mwanamke anayeweza kushika mimba ni hatari kwa mtoto na inaweza kupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Wanawake pia wanapata klasta jamani, wao ndo wanaambiwa zaidi kwamba ni mawazo.

Zile za mbali

Galkanezumabu, sindano ya mara moja kwa mwezi ya miligramu 300, Marekani waliiidhinisha kwa klasta ya msimu mwezi wa sita 2019. Kwenye jaribio mashambulio yalipungua 8.7 kwa wiki, wa sindano tupu walipungua 5.2. Kwa klasta sugu haikufaulu, na Ulaya hawakuipitisha kwa ugonjwa huu. Inataka friji muda wote. Kwa bei yake na safari yake, kwa hapa bado, hiyo pesa ingekujazia mitungi mingi sana. Kile kifaa cha kuweka shingoni cha kusisimua mshipa wa fahamu wa vagasi nacho ni hivyo hivyo, kinasaidia baadhi ya wenye klasta ya msimu, kukipata huku ni shida.

Uyoga wa kulevya, ule wenye silosibini, wagonjwa wa Marekani na Ulaya wamekuwa wakiusifu kwa miaka mingi na chuo cha Yale wamefanya majaribio madogo, lakini hayajafika mahali pa kusema inatibu. Kwetu sheria haikuruhusu, na uyoga wa porini usioujua unaweza kuumaliza ini. Siwasemi vibaya wanaojaribu, maumivu haya yanamfanya mtu ajaribu chochote, ila mimi singeuleta nyumbani kwangu.

Yasiyo na bei

Kwenye msimu pombe iachwe yote, si kupunguza. Bia moja, kipegi cha waragi, malwa, tonto, haichagui, ndani ya saa moja shambulio liko hapo. Nje ya msimu wengi wanakunywa na hawapati kitu, ndo maana marafiki hawaelewi na wanamlazimisha. Usingizi wa mchana nao unawaamshia wengine. Vidonge vya nguvu za kiume aina ya sildenafili vinaweza kuchokoza, wanaume hawasemi hilo kwa daktari, wewe mwambie. Kahawa nzito dakika za mwanzo wengine inawapunguzia, haina jaribio la maana nyuma yake lakini haigharimu.

Na kuna jambo la kuuliza wazi, hasa wewe unayekesha naye. Katikati ya msimu mtu anaweza kutamani kufa, si kwa kuwa anataka kufa, anataka maumivu yaishe. Muulize kwa maneno hayo hayo, usizunguke. Akikwambia ndiyo, usimwache peke yake usiku, na asubuhi mpeleke hospitali, ile ya afya ya akili ya Butabika, Kampala, au kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa iliyo karibu, na huko sema ni klasta ili wasimtibu wasiwasi peke yake wakaacha kichwa.

Kama pesa ni kidogo kabisa

Kama mtungi hauwezi kuupata kwa sasa, ule mpangilio wa mwanzo unabadilika. Anza na barua ya daktari, haigharimu sana na bila hiyo kila mlango mgumu. Halafu maski yenye mfuko, hiyo ni bei ndogo, nunua yako mwenyewe hata kama mtungi huna, manake hospitali nyingi utakuta oksijeni ipo na maski hiyo haipo, na ukitoa yako kwenye mkoba musawo, yaani mhudumu wa afya, anaunganisha tu. Halafu ECG na verapamili ya mwezi. Halafu mtungi, hata kwa kuchangiana familia mbili, sisi tunajua nyumba nyingine ya klasta mji wetu huu huu na misimu yao haigongani na yetu.

Msimu ukiisha, verapamili haikatwi siku hiyo. Inaendelea karibu wiki mbili baada ya shambulio la mwisho halafu inashushwa polepole, kichwa kikirudi mnarudi dozi ya juu. Andika tarehe msimu ulipoanza na ulipoisha, wengi unarudi miezi ile ile ya mwaka, na mwezi mmoja kabla ya hapo peleka mtungi ukajazwe, kapime ECG, na umuulize daktari kama verapamili ianze mapema.